Baada ya Raha Mustarehe: Dalili na Ishara katika Riwaya ya Mtoto Aliyepona Saratani

Ngano nyingi za Kiswahili hufungwa kwa namna moja: zimwi limeuawa, binti ameolewa, nao wakaishi raha mustarehe. Msimulizi hunyamaza hapo na watoto wakapelekwa kulala. Hakuna anayeuliza kama jeraha alilolipata kijana katika mapambano lilipona sawasawa, wala kama aliweza kushika jembe msimu uliofuata. Riwaya ya vijana iitwayo After Ever After, iliyotungwa na Mmarekani Jordan Sonnenblick na kuchapishwa mwaka 2010, inaanzia mahali ambapo ngano hunyamaza. Jina lake limecheza na maneno yanayofunga hadithi za Kiingereza, na kwa Kiswahili lingeweza kusomeka “Baada ya Raha Mustarehe”. Zimwi lenyewe ni saratani ya damu.

Sonnenblick alikuwa mwalimu wa shule. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa na mdogo wake mwenye saratani, na mwalimu akatafuta kitabu cha kumpa asikipate; ndipo akaandika mwenyewe riwaya yake ya kwanza, Drums, Girls & Dangerous Pie, iliyotoka mwaka 2004. Katika riwaya hiyo msimulizi ni Steven Alper, kijana mpiga ngoma wa bendi ya jazi, ambaye mdogo wake Jeffrey anagunduliwa kuwa na lukemia akiwa bado mtoto mdogo. Katika After Ever After miaka imepita, Jeffrey yu darasa la nane, saratani haionekani tena mwilini mwake, na sasa anasimulia yeye. Anatembea kwa kuchechemea. Hesabu hazimwingii. Kaka yake, aliyekuwa nguzo yake, ameacha masomo na kwenda zake Afrika kupiga ngoma.

Kitabu hiki kinastahili kusomwa katika mkoa kama Morogoro, na sababu yake imo katika hesabu za tiba kabla ya kuwamo katika fasihi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia wenye shabaha ya kuwafikisha waliopona kwenye angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Mazungumzo ya hadhara kuhusu shabaha hiyo aghalabu huhusu dawa, vitanda na wataalamu. Ni machache yanayogusa upande wake wa pili: kila asilimia inayoongezeka ni watoto wanaorudi nyumbani, shuleni na shambani, wakiwa na miili iliyopitia tiba nzito. Hao ndio akina Jeffrey.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hukaribiana hadi kuchanganywa. Dalili ni jambo linalofichua jambo jingine kwa sababu yameungana kimaumbile: wingu zito linapokaa juu ya kilele cha Lupanga, mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, mkazi wa mji wa Morogoro huanua nguo kambani. Ishara, au taashira kama wahakiki wapendavyo kuiita, ni jambo linalosimamia jambo jingine kwa sababu jamii imekubaliana hivyo au msanii ameamua hivyo. Wingu lile lile likitiwa katika shairi la maombolezo huwa ni huzuni, na hakuna anayekimbilia nguo. Dalili hudai hatua, ilhali ishara hudai tafsiri.

Kuchanganya mambo haya mawili kumeshagharimu macho na maisha ya watoto. Mboni ya jicho la mtoto mchanga inayoakisi weupe ni dalili mojawapo kuu ya saratani ya retina. Taya linalovimba kwa kasi ndani ya majuma machache huenda likawa ni limfoma aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Kampala. Familia inayoona katika jicho au taya hilo ishara ya husuda, ya deni la mizimu au ya ugomvi wa ukoo, huanza kutafuta maana. Nayo maana ikiishapatikana, uvimbe umekwishakua. Lawama haiwastahili wazee hao peke yao. Msomaji wa mjini aliyekwenda shule, anayeusoma mguu wa Jeffrey kama nembo ya ushujaa na kuishia hapo, amefanya kosa lile lile katika vazi la heshima zaidi.

Mguu huo ndio ishara kubwa ya riwaya, na uzuri wake ni kwamba ulikuwa dalili kwanza. Mwandishi hakumpa mhusika wake ulemavu wa kubuni ili apambe hadithi. Miongoni mwa dawa za msingi za lukemia ya watoto ni vinkristini, iliyoanza kutumika hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hutokana na mmea wenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, unaotoa maua ya petali tano, meupe au ya waridi, ambao leo hupandwa kama pambo katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. (Mmea huo ni sumu. Dawa yake husafishwa na kupimwa kwa miligramu, na hakuna chai ya majani yake inayoweza kuchukua nafasi hiyo.) Ndani ya kila seli mna vijirija vyembamba sana, mfano wa mianzi, ambavyo seli huvijenga na kuvibomoa. Seli ya saratani huvihitaji ili igawanyike. Vinkristini huvizuia visijengeke, na seli hufa katikati ya mgawanyiko. Lakini seli za mishipa ya fahamu nazo hutegemea vijirija hivyo hivyo kusafirisha mahitaji yake kutoka kiini hadi ncha. Mshipa mrefu kuliko yote, utokao chini ya mgongo hadi kwenye unyayo, ndio wenye safari ndefu kuliko yote, kwa hiyo ndio hudhurika mapema. Misuli inayoinua ncha ya mguu hulegea, na vidole vikaanza kuburura. Wengi hurejewa na nguvu baada ya dawa kukoma. Wengine hubaki na mabaki ya udhaifu.

Kwa hiyo kile kilichoua saratani ya Jeffrey na kile kilichomfanya achecheme ni kitendo kimoja cha dawa moja, kilichotokea katika seli za aina mbili. Hapa ndipo ishara inapopata uzito ambao mwandishi asingeweza kuubuni. Mguu unaoburura ni risiti ya malipo: unasema kwamba uhai ulinunuliwa, na bei yake inaendelea kukatwa kila hatua. Msomaji aliyeielewa dawa huona hilo bila kuelekezwa. Asiyeielewa ataona kijana mlemavu aliyevumilia, na kitabu kitakuwa kimempita.

Lakini mguu hausemi neno lile lile kila mahali. Jeffrey anatembea katika mji wa Marekani wenye njia zilizosakafiwa. Uluguru ni nchi ya miteremko. Vijiji vya Mgeta, Kinole na Matombo vimening'inia ubavuni mwa milima ambayo vilele vyake hupita mita 2,600. Shamba liko juu ya nyumba au chini yake, mara chache liko kando, na shule huweza kuwa ng'ambo ya bonde. Mwenye mguu uliolegea hulazimika kuinua goti juu zaidi ili vidole visigonge jiwe, na njia ya mlimani ni mawe na mizizi. Mzigo wa ndizi au mboga ukiwa kichwani, kosa la sentimita moja ni anguko. Kule Marekani mguu wa Jeffrey unamwonea haya mbele ya msichana ampendaye. Hapa ungemtoa katika orodha ya wanaoweza kutumwa sokoni. Ni ishara ile ile, lakini swali lake limehama kutoka kwenye haya kwenda kwenye riziki. Hata baiskeli, ambayo katika riwaya ni uhuru kwa sababu aliyeipanda haonekani kuchechema, ingebidi iachwe bondeni. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika kitabu cha namna hii kwa vijana wa Uluguru hatakuwa na haja ya kuitafsiri baiskeli hiyo. Atahitaji kutafuta ni kitu gani huku huficha mguu.

Kwa tabibu au mzazi, maelezo hayo yana upande wa vitendo. Mtoto aliye katika tiba au aliyeimaliza, akianza kujikwaa mara kwa mara, kushindwa kusimama kwa visigino, au kuvaa ndara zisizodumu mguuni, hana uvivu wala hajaharibika tabia. Aelezwe daktari wake. Mazoezi ya viungo na kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu huweza kumrudishia mwendo kwa sehemu kubwa, na dozi huweza kuangaliwa upya akiwa bado katika tiba.

Ishara ya pili ya riwaya ni mtihani. Jimbo linaleta mtihani ambao asiyeufaulu hatavuka darasa la nane, na Jeffrey, ambaye ubongo wake umepungukiwa na wepesi baada ya tiba, anajua kwamba hesabu zitamwangusha. Hapa pia mwandishi amesimama juu ya mwamba wa tiba. Seli za lukemia hujificha katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa nyingi za mshipani hazifiki vema. Ndiyo maana methotreksati hudungwa moja kwa moja katika maji hayo, na zamani zaidi watoto wengi walipigwa mionzi ya kichwa. Kinga hiyo iliokoa wengi. Kwa baadhi yao iliacha umakini uliopungua, kasi ndogo ya kufikiri na ugumu katika hesabu, mambo ambayo huenda yasionekane hadi miaka kadhaa baadaye, masomo yanapokuwa mazito.

Kila msomaji wa Kitanzania anaujua mtihani kama lango. Darasa la Saba na Kidato cha Nne ni mahali ambapo njia za watoto hugawanyika, na jina kutoonekana katika orodha ya waliochaguliwa huweza kuamua maisha ya mtu. Kwa hiyo ishara hii husafiri kutoka New Jersey hadi Morogoro bila kupoteza chochote. Pengine huongezeka uzito njiani. Ukali wake uko katika kutoonekana kwa jeraha. Mguu unaoburura humwombea mtoto huruma. Akili iliyopungukiwa na kasi humletea fimbo, maana mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani huona tu mtoto aliyekuwa hodari darasa la pili na sasa hamalizi zoezi. Barua fupi kutoka kliniki, inayoeleza dawa alizopewa na madhara yanayotarajiwa, ingemwambia mwalimu huyo jambo ambalo riwaya inachukua sura nyingi kulieleza.

Rafiki wa Jeffrey ni Tad, naye aliyepitia saratani, anayetumia kiti cha magurudumu na mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Wawili hao wanawekeana ahadi: Tad atamfundisha Jeffrey hesabu, na Jeffrey atamsaidia Tad kufanya mazoezi ili siku ya mahafali alivuke jukwaa kwa miguu yake. Kila mmoja anaazima kile ambacho tiba ilimwachia mwenzake. Kisha saratani ya Tad inarudi, naye anafariki. Mwandishi angeweza kuligeuza jukwaa lile kuwa ushindi, na msomaji angelia machozi matamu. Hakufanya hivyo. Saratani katika kitabu hiki haiheshimu muundo wa hadithi, na heshima ya mwandishi iko katika kukubali hivyo.

Ulimi wa Tad una kazi nyingine. Hapendi kusifiwa kwa kuwa mgonjwa, na katika hilo anagusa neno ambalo Watanzania hulitumia kwa nia njema kabisa. Aliyepona saratani huitwa shujaa. Yako maneno mengine: manusura, neno linalokumbusha ajali ya meli au basi, na “aliyepona”, lililo pana na lisilo na mapambo. Shujaa ni ishara, na ishara hiyo hudai kitu. Shujaa halii. Shujaa hasemi kwamba mguu unamuuma wala kwamba anaogopa kipimo kijacho, na aliyefariki huachwa akionekana kama aliyepigana vibaya kidogo. Mtoto wa miaka minne aliyeshikiliwa kitandani akidungwa sindano mgongoni hakuchagua vita vyovyote. Mwandishi Susan Sontag alitoa onyo dhidi ya lugha ya namna hiyo tangu mwaka 1978, katika kitabu chake kuhusu maradhi kama sitiari. Kwa lugha ya vijana, Tad anaonya dhidi ya jambo hilo hilo, tena kwa mzaha.

Ngoma ndiyo ishara inayomsumbua zaidi msomaji wa huku. Katika riwaya ya kwanza ilikuwa na kazi kamili: nyumba imevurugika, mama yuko hospitalini na Jeffrey, baba amenyamaza, na Steven ana vijiti vyake na mapigo anayoyatawala. Katika riwaya ya pili Steven anakwenda “Afrika”, bara zima, kujiunga na wapiga ngoma ili ajitafute. Katika hadithi, Afrika hiyo ni jina la umbali tu. Ni pale mtu anapokwenda ili asipatikane. Msomaji wa Morogoro, mji uliokuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ana haki ya kutabasamu kidogo: hapa jazi ilipokewa ikafanywa ya nyumbani, na wapigaji wake walikuwa na anwani. Kwa kweli hii ndiyo ishara dhaifu kuliko zote kitabuni, na udhaifu wake unathibitisha yaliyosemwa kuhusu mguu. Mguu una mshipa, dawa na historia. Ngoma ya Steven barani Afrika haina hata jina la kijiji.

Hata hivyo udhaifu huo unafungua mlango ambao pengine mwandishi hakuuona. Kiswahili hakitenganishi ngoma ya kupigwa, ngoma ya kuchezwa na ngoma ya kuadhimisha. Miongoni mwa Waluguru, kama kwa majirani zao wa mashariki mwa Tanzania, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akatengwa na watu na jua, akafunzwa. Na siku ya kumtoa mwali ilikuwa siku ya ngoma. Desturi ya kumweka ndani muda mrefu imepungua sana, lakini umbo lake linaeleweka na kila mtu: kutengwa, kufunzwa, kutolewa, kupokewa. Mtoto anayesafirishwa takriban kilomita 190 kutoka Morogoro hadi Muhimbili, akakaa mbali na wenzake kwa miezi, akapoteza nywele, akarudi na sura nyingine, amepitia sehemu mbili za mwanzo za umbo hilo. Anakosa za mwisho. Hospitali za Marekani zimejaribu kuliziba pengo hilo kwa kengele: tangu mwaka 1996, desturi iliyoanzia Houston, mgonjwa amalizaye tiba huipiga huku wauguzi wakishangilia. Ni ishara nzuri, ila wanaomshangilia ni wale anaowaacha. Mwali alishangiliwa na wale waliokuwa wakimpokea, na kuanzia siku ile kila mmoja wao alijua ana wajibu gani kwake.

Upo tena upande wa nani hasa humpokea. Riwaya imeweka uzito wa malezi juu ya baba, mama na kaka, kama ilivyo familia ya Kimarekani. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na katika familia zinazoendelea kuishika desturi hiyo mjomba ana kauli katika mambo ya mtoto, ikiwamo ardhi atakayolima. Mhudumu wa afya anayeeleza ratiba ya kurudi kliniki kwa mtu mmoja tu aliyemsindikiza mtoto, kisha akashangaa mtoto haonekani tena, huenda hakuongea na aliyetakiwa kuamua nauli itoke wapi. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, lakini treni huishia mjini. Kutoka stesheni hadi Matombo au Mgeta bado ni barabara ya milimani, na baada ya barabara ni njia ya miguu, ambayo mtoto aliyemaliza vinkristini huipanda akiinua goti juu kila hatua.